Karibu Ireland, Usivuke

Jamani, mpaka usioonekana ni balaa. Heri wa Namanga: kuna askari, kuna foleni ya malori, unajua kabisa hapa nchi imeisha. Huku Derry, Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, unatoka na gari kutafuta mkate, mara vibao vya barabarani vimeacha maili vimeanza kilomita, na wewe Mtanzania mwenye viza ya Uingereza tu umeshakuwa mhamiaji haramu Donegal, nchi nyingine kabisa, Jamhuri ya Ireland. Mkate wenyewe hujanunua!

Mpaka huu una kilomita kama 500, na barabara zinazoukatiza zinapita 200. Kura ya Brexit, yaani ya kujitoa Umoja wa Ulaya, ilipopigwa 2016, wengi wa huku walikataa, kama asilimia 56, lakini Uingereza ikatoka nao hivyo hivyo. Wakubwa wa London, Dublin na Brussels wakabishana miaka ili vizuizi vya enzi za mapigano visirudi. Wakafaulu: ukaguzi wa bidhaa ukahamishiwa bandarini, kwa mizigo inayovuka bahari kutoka kisiwa kikuu cha Uingereza. Nikashangilia na wenzangu. Kumbe shughuli si yangu.

Jirani yangu, mzee mmoja mcheshi, ana pasipoti mbili, ya Uingereza na ya Ireland. Ni haki yake kwa Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 1998, ule wa amani. Anakwenda Muff, upande wa pili, kujaza mafuta, anarudi anapiga mluzi. “Mpaka gani?” ananiuliza. “Mimi siuoni.” Mzee wangu, wewe huuoni, lakini wenyewe unaniona mimi! Raia wa nchi hizi mbili wanavuka mpaka huu bila kuombwa viza tangu miaka ya 1920. Mimi naambiwa nikaombe viza ya Ireland. Tusiisingizie Brexit, hili lilikuwapo kabla yake. Kinachonichoma ni redio kutangaza kutwa kwamba mpaka uko wazi.

Angalau sasa na wengine wanaonja. Mmarekani au Mjerumani akitua Dublin akitamani kuja kuona kuta za Derry, sharti aombe kibali cha Uingereza mtandaoni, na alipie. Amwonyeshe nani? Barabarani hakuna hata mtu wa kumpungia mkono. Lakini awe nacho!

Dukani nako ni vichekesho. Soseji kutoka kisiwa kikuu zimeandikwa kwenye pakiti kwamba si za Umoja wa Ulaya. Ziliwe hapa hapa, ng'ambo zisiende. Nikizitazama kwenye friji naona tuko hali moja, ila zenyewe haziulizwi barua ya mwajiri.

Anayevuka atakavyo nyumbani kwangu ni simu. Nimekaa sebuleni na chai yangu, inanasa mnara wa upande wa pili: “Karibu Ireland!” Na baada ya Brexit sheria ya Ulaya ya kuzuia makato ya ziada ukitumia simu nchi nyingine haitulindi tena, kila kampuni inajipangia. Yaani nikaribishwe nisikoruhusiwa kwenda, halafu nilipie!

Mtihani mkubwa ni mwanangu. Anacheza mpira, winga wa kulia, na timu yao inakwenda hadi Buncrana, ng'ambo ya mpaka. Mechi ikiwa Derry, yuko fiti. Ikiwa Buncrana, mama yake anampigia kocha kusema kifundo cha mguu kimemvimba tena. Kocha, mtu mwenye huruma, kaja jana mwenyewe nyumbani. Kasema tusihangaike, amempatia mtoto nafasi kwa bingwa wa vifundo, na gari la kumpeleka lipo.

Bingwa yuko Letterkenny. Donegal.