Dizeli ya lori ipo, kipuri cha pampu hakipo

Tuanze na hesabu. Kiwango cha chini ambacho mashirika ya misaada hutumia wakati wa maafa ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na usafi. Kijiji cha watu 2,000 kinahitaji basi lita 30,000 kila siku. Lori lenye tangi la lita 10,000 litabidi liende huko mara tatu leo, mara tatu kesho na mara tatu keshokutwa, na bado mbuzi hajanyweshwa. Likienda mara moja kwa wiki, kila mtu anabaki na chini ya lita moja kwa siku. Mama mwenye watoto watano anaigawa hiyo kwa kikombe.

Naiweka hesabu hii mbele kwa sababu kila ukame unapoingia kaskazini mwa Kenya mabishano yale yale huzuka: pesa za dharura ziende wapi? Kuna wanaosema pelekeni malori sasa hivi, watu wana kiu. Wengine wanasema malori ni pesa zinazomwagwa mchangani; chimbeni visima, karabatini vilivyopo. Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano mfululizo ilipita bila mvua ya kutosha, na mabishano hayo yakasikika katika kaunti zote 23 za maeneo kame na nusu kame.

Wanaotetea malori hawatetei upuuzi. Kisima kirefu hakichimbwi kwa wiki. Kuna upimaji wa ardhi, kibali, zabuni, kuleta mtambo wa kuchimbia, kisha maji yenyewe yapimwe. Hiyo ni miezi, na mwisho wake unaweza kuwa shimo kavu au maji ya chumvi. Turkana wanalijua hili. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba chini ya ardhi ya Lotikipi kuna hifadhi kubwa mno ya maji, na matumaini yakapaa nchi nzima. Uchimbaji wa baadaye ulionyesha maji yana chumvi nyingi kiasi kwamba hayanyweki bila kusafishwa. Mtu aliyeambiwa asubiri kisima hicho angekuwa anasubiri hadi leo.

Na wakati wa kusubiri watu hunywa kitu. Hunywa maji ya silanga, yaani bwawa la maji ya mvua, yaliyobaki matope, pamoja na ng'ombe na punda. Kipindupindu kilichozuka Kenya Oktoba 2022 kilifika Garissa, Wajir na Mandera ukame ukiwa umepamba moto. Katika hali hiyo lori lenye maji yaliyotiwa dawa ni tiba kabla ya ugonjwa, na anayelipinga akiwa na bomba nyumbani kwake inafaa afikiri mara mbili.

Lakini lori likishaondoka linaacha nini? Hapa ndipo upande wa pili unaponivuta zaidi. Vijiji vingi vinavyopelekewa maji vina kisima tayari, ila kimekufa. Na mara nyingi kimekufa kwa sababu ya ukame wenyewe. Silanga zikikauka, wafugaji wa eneo zima huhamia kwenye kisima kimoja. Jenereta iliyozoea kuunguruma saa chache kwa siku sasa inafanya kazi usiku na mchana. Inakatika katikati ya msimu, siku ambayo watu na mifugo ni wengi kuliko wakati wowote. Fundi yuko makao makuu ya kaunti, kipuri kiko Nairobi, gari la idara halina mafuta. Wakati huo lori la maji linapita kwenye barabara ile ile ambayo fundi angepita.

Tunajua kwamba matengenezo ya haraka yanawezekana hata mahali maskini. Huko Kyuso, kaunti ya Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga kwenye pampu za mkono vifaa vinavyotuma ujumbe kwa mtandao wa simu pampu inapoacha kutumika, na mafundi wa hapo hapo wakawa wanakwenda mara moja. Muda wa kurekebisha pampu ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa FundiFix, kampuni ya mafundi wa Kitui na Kwale ambayo jamii huilipa ada ndogo ya kila mwezi. Cha kuzingatia ni kwamba ada hiyo haitoshi peke yake. Mfuko wa nje huongezea. Wanaohubiri kwamba wananchi wachangie na kila kitu kitajiendesha huiacha sehemu hiyo ya habari.

Udogo wa jamii ndio kiini cha tabu. Mjini, gharama ya pampu moja hugawanywa kwa maelfu ya wateja. Kijijini hugawanywa kwa kaya 80, na kaya hizo hupata pesa kwa kuuza mbuzi. Ukame ukija, mbuzi anakonda na bei yake inaanguka sokoni, huku dizeli ya kisima ikihitajika mara mbili. Mapato yanashuka mwezi ule ule gharama inapopanda. Kamati ya maji hata iwe na uadilifu wa namna gani haiwezi kuikwepa hesabu hiyo. Ndiyo maana pesa za serikali lazima ziwepo. Kwa miaka mingi pengo hili lilizibwa kwa sehemu na wafadhili, Wamarekani wakiwa miongoni mwa wakubwa. Tangu shirika lao la misaada, USAID, lifungwe mwaka 2025, mzigo umerudi kwa kaunti.

Na kaunti zinatoaje? Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaziruhusu kuwa na hazina ya dharura, na malipo yake kwa mwaka yasizidi asilimia 2 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Pesa hizo hutolewa kwa jambo la haraka ambalo halikutarajiwa, kisha bunge la kaunti huombwa idhini ndani ya miezi miwili baada ya malipo. Kwa mafuriko ya ghafla, kanuni hii ni nzuri. Kwa ukame inapindisha kila kitu. Ukame hautarajiwi na nani? Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hutoa taarifa ya kila mwezi kwa kila kaunti kame na kuipanga katika hatua: kawaida, tahadhari, hatari, dharura, ahueni. Hali huonekana ikija kwa miezi. Hata hivyo pesa nyingi hufunguka hatua ya mwisho, na zikifunguka hutafuta kitu kinachofanana na dharura. Lori linafanana nayo. Kubadilisha pampu mwezi ambao nyasi ni za kijani hakufanani nayo kabisa, ingawa ndiyo kazi ambayo ingeokoa kijiji miezi sita baadaye.

Sisemi kwamba dawa ni kuchimba visima kila mahali. Kisima cha kudumu katikati ya malisho ya kiangazi huvuta makazi, makazi huleta mifugo ya mwaka mzima, na malisho yaliyokuwa akiba yanakwisha kabla ukame haujafika. Waborana wa Marsabit na kusini mwa Ethiopia walilijua hili zamani. Visima vyao virefu vina msimamizi, abba herega, anayepanga nani anywe lini na mifugo ya nani itangulie. Wahandisi waliokuja na mitambo mara nyingi walileta maji bila kuleta msimamizi. Kuna visima vya akiba ambavyo hufungwa mvua ikinyesha na kufunguliwa ukame ukizidi. Mpango huo unahitaji mtu mwenye mamlaka ya kukataza, na kukataza maji ni kazi ngumu kwa mwanasiasa yeyote.

Kwa hiyo naona malori yabaki, lakini yasiende peke yake. Pesa ya safari za lori kwenda kijiji chenye kisima kilichokufa isipitishwe bila kuandamana na pesa ya fundi na vipuri vya kisima hicho. Na pesa ya ukarabati itoke hatua ya tahadhari. Najua hatari yake: pesa iliyotengwa wakati wa mvua huliwa na bajeti ya ziada kabla kiangazi hakijaingia. Hazina ya Kitaifa ya Dharura ya Ukame, ambayo kanuni zake zilipitishwa 2021, ndiyo mahali panapofaa kwa pesa ya aina hiyo, kwa kuwa iliundwa kwa ajili ya ukame tu na haiko mikononi mwa bunge la kaunti lenye njaa ya barabara.

Kalenda nayo inahitaji kuangaliwa. Makadirio ya bajeti ya kaunti huwasilishwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili. Masika yakishindwa, hilo hujulikana Mei. Vuli iliyotangulia, lakini, ilikwisha Desemba, na mwenye kisima anajua tangu Januari kama jenereta yake itafika mwisho wa mwaka. Orodha ya visima vya wadi, kimoja kimoja, kinachofanya kazi na kisichofanya, na kipuri kinachokosekana, inaweza kuwa mezani Februari. Kuiandika ni kazi ya afisa mmoja mwenye pikipiki na wiki tatu.