Wahitimu Wetu Tuwapime kwa Lipi?

Mwaka jana nilialikwa kwenye karamu ya chama kimoja cha wahitimu, katika hoteli ya hapa jijini. Msimamizi wa hafla alisoma orodha ndefu ya watu waliosoma chuoni kwetu: mawaziri, majaji, maseneta na wakurugenzi wa mashirika. Kila jina lilifuatwa na cheo, kila cheo kikapigiwa makofi, na hadi tunamaliza kula hakuna hata mmoja aliyetajwa kwa kazi aliyoifanya.

Sivibezi vyeo. Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichofungua milango yake mwaka 1956 kama chuo cha ufundi na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, kimetoa viongozi wa kila aina. Jaji Mkuu Martha Koome alisomea sheria huko, naye Rais William Ruto alipata huko shahada yake ya uzamivu. Ila cheo mtu hupewa, na kupewa peke yake hakutuelezi amewafaa nani.

Mchukue Wangari Maathai, ambaye jina lake halikosi katika orodha hizo. Mwaka 1971 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamivu, akafundisha anatomia ya mifugo, na mwaka 1977 akaanzisha vuguvugu la Green Belt. Kinachonivutia zaidi ni namna alivyofanya kazi: wanawake wa vijijini ambao hawakuwa na cheti chochote cha misitu walipanda mbegu katika mikebe na vyungu vilivyovunjika, wakalipwa pesa kidogo kwa kila mche uliostawi, kisha wakafundishana wao kwa wao. Alipoacha kazi mwaka 1982 ili agombee ubunge na kuzuiwa kugombea, chuo hakikumrudisha kazini. Leo kina taasisi inayoitwa kwa jina lake, na sijui kama wanaopiga makofi karamuni wanaikumbuka sehemu hiyo ya kisa.

Ukitoka chuoni ukavuka barabara ya Uhuru Highway, ukapita Central Park na Kenyatta Avenue, unaingia Uhuru Park, mahali ambapo mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60. Maathai alilipinga kwa barua, akatukanwa bungeni, na jumba halikujengwa. Watoto wanaobingirika kwenye nyasi hizo siku ya Jumapili hawana habari kwamba wanachezea mchango wa mhitimu.

Miriam Were hatajwi sana, nami naona hapo tunakosea. Alihitimu udaktari mwaka 1973, na badala ya kungoja wagonjwa hospitalini aliwaendea wanavijiji wa Kakamega, wakaanza kujichimbia vyoo, kulinda maji yao na kuwapeleka watoto kupata chanjo. Japani ilimtunuku Tuzo ya Hideyo Noguchi mwaka 2008. Wahudumu wa afya ya jamii wanaobisha hodi mitaani kwetu wakiwa na mikoba yao wanafuata njia ambayo yeye alikuwa miongoni mwa walioifyeka.

Wapo pia wasiojulikana. Wakili mmoja tuliyesoma naye huketi kila Alhamisi mchana karibu na ofisi ya chifu huko Kayole, akiwasomea watu mikataba ya ploti kabla hawajatia sahihi, wala hadai malipo. Siku niliyomtembelea, mama mmoja alikuwa ameleta karatasi mbili zilizokunjwa ndani ya leso. Wakili alizisoma polepole, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akauliza, "Mama, huyu anayekuuzia ndiye mwenye jina hili?" Mama alinyamaza, akazikunja tena karatasi zake, akaondoka bila kutia sahihi. Sidhani kama kuna orodha yenye safu ya kuandikia hilo.

Kadi ya karamu ya mwaka huu imeshanifikia, na tarehe yenyewe ni Alhamisi. Nilipompigia wakili simu kumuuliza kama atakuja, alitaka kwanza kujua shughuli itaanza saa ngapi, kwa sababu foleni yake haimaliziki kabla ya saa kumi na mbili.