Mada ya wadudu chekechea: pambo au somo?

Kuwafundisha watoto wadogo kwa mada moja, tuseme wiki kadhaa za wadudu na uhai mpya, kuna wapinzani wake, na si watu wa kupuuzwa. Wanasema kusoma na kuhesabu kuna mpangilio: silabi hii hutangulia ile, kujumlisha hutangulia kutoa. Mada ikishika usukani, mpangilio unavurugika. Mtoto anadaiwa asome "nyungunyungu" ilhali bado anahangaika na ba, be, bi, kisa wiki hii ni ya viumbe wa udongoni.

Nawapa haki yao pale mada inapokuwa pambo tu. Kuhesabu vipepeo 10 vya karatasi hakumfundishi mtoto lolote ambalo vifuniko 10 vya chupa visingemfundisha, na mwalimu amekesha na mkasi bure.

Ila wanachokipinga hapo ni karatasi. Weka kiwavi hai kwenye chupa ya mdomo mpana pamoja na majani anayokula (wa mwili laini, si wale wa manyoya yanayowasha), uone hesabu inavyobadilika. Mtoto ameshaambiwa mdudu ana miguu 6. Anahesabu, anapata 16. Anarudia, 16 ile ile. Mwenzake anasema 6. Wote wawili wana hoja: viwavi wengi wa vipepeo wana jozi 3 za miguu halisi mbele, iliyochongoka na yenye viungo, kisha jozi 5 za vigutu vinene vya nyama vya kung'ang'ania jani. Kipepeo akishatoka kwenye pupa, hatua ya kutulia kati ya kiwavi na kipepeo, vile vigutu havipo tena. Hapo watoto wanategemea kuona 6 waliyoahidiwa, na wakibahatika kufuga kipepeo wa ile jamii kubwa ambayo miguu miwili ya mbele imedumaa, wataona 4 tu! Sijui zoezi la daftari linaloweza kumfanya mtoto wa miaka mitano ahesabu kitu kimoja mara nne kwa hiari yake, akitafuta ushahidi wa kumshinda mwenzake.

Na wanaodai umri huo ni mapema mno kwa sayansi wakumbuke kwamba watu wazima, tena wasomi, waliamini karne nyingi kuwa funza huzaliwa na nyama iliyooza. Mwaka 1668 Francesco Redi, tabibu wa Italia, aliacha vyombo vingine vya nyama wazi na vingine akavifunika kwa kitambaa. Funza walionekana kwenye nyama iliyofikiwa na nzi. Mtoto aliyeyaona mayai chini ya jani kabla ya kuona kiwavi ameshalishika jambo hilo, kwamba mdudu hutoka kwenye yai, bila kutajiwa jina la mtu.

Nusu ya pili ya mada, uhai mpya, inanipa shaka zaidi, hasa mashine ya kuangulia mayai ya kuku darasani. Siku 21 za kusubiri ni tamu. Siku ya 22 je? Karibu nusu ya vifaranga ni majogoo, na aghalabu hakuna aliyepanga waende wapi. Tena vifaranga hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha. Mamlaka ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, inashauri watoto wa chini ya miaka 5 wasiwashike kabisa. Yai la kipepeo halina mzigo huo.

Lina jingine, kifo. Mchoro wa duara unaobandikwa ukutani, yai, kiwavi, pupa, kipepeo, una mshale wa mwisho unaorudi kwenye yai kana kwamba ni kipepeo yule yule. Yeye harudi. Akishataga anakufa, na mayai mengi huliwa kabla hayajaanguliwa. Kuna walimu wanaomtupa pupa aliyekufa kabla watoto hawajafika asubuhi, wakaweka mwingine. Wapinzani wa mada sijawasikia wakililalamikia hilo, nami ningeanza na hilo.