"Sawa" si ndugu mdogo wa "sahihi"

Fundi wa Kibosho akimaliza kozi (mstari) ya kwanza ya tofali husema, "Iko sawa." Neno hilo likiingia kwenye ripoti ya ujenzi, mhariri makini wa Moshi atalikata aandike "sahihi". Kwake sawa ni neno la kuitikia tu. Kisicho na kosa huitwa sahihi.

Ana hoja. Sahihi limetoka Kiarabu, na ndani yake mna uzima wa mwili. Siha ni la mzizi huohuo. Wanazuoni wa hadithi za Mtume wakichunguza mlolongo wa wapokezi, iliyotimiza masharti huiita sahihi, na iliyopungukiwa huiita dhaifu, kana kwamba imeugua. Tena sahihi ni saini: ukiiweka chini ya hati, umekubali kubanwa nayo. Kwa cheti au hukumu, sioni neno la kulishinda.

Lakini sahihi hutoa uamuzi bila kusema umepatikanaje. Sawa, nalo la Kiarabu, lina maana ya kulingana. Barabara, lile la "funga mlango barabara", limetoka Kiajemi na picha yake ni hiyohiyo. Kitu hakiwi sawa peke yake. Lazima kiwepo cha kukilinganisha nacho.

Kwenye mteremko wa Kilimanjaro hilo si suala la sarufi. Fundi hujaza maji kwenye mpira mwangavu, hutoa mapovu yote, kisha ncha moja hushikwa kwenye kigingi hiki na nyingine kwenye kile, zote zikiwa wazi. Maji yakitulia, anapiga alama pande zote mbili. Povu moja likibaki katikati ya mpira, au msaidizi akiacha dole gumba kwenye ncha, alama zitadanganya na msingi utaondoka umeinama. Pima maji, kile kifaa chenye kichupa cha povu, nayo haiaminiwi kwa jicho moja: huisoma, huigeuza ncha kwa ncha palepale, huisoma tena. Povu likihama kutoka kushoto kwenda kulia, au kinyume chake, kifaa ndicho kibovu, hata kama ukuta hauna neno. (Hewa ileile inayoharibu mpira ndiyo inayosema kweli ndani ya pima maji.) Kazi yote hiyo imo ndani ya "iko sawa", na mhariri anaikata kwa kalamu moja.

Hata "bila kasoro", linalosikika kama sifuri kamili, huegemea kipimo. Kwa vigezo vilivyotumiwa kwa miaka mingi na SCA, chama cha kimataifa cha kahawa bora, gramu 350 za kahawa mbichi ziliruhusiwa kasoro ndogo zisizozidi 5, mradi kasoro kubwa, kama punje nyeusi tii, isiwepo hata moja.

Udhaifu wa sawa uko kwenye simu. Msimamizi akiwa Arusha anauliza, "Ukuta uko sawa?" Anajibiwa, "Sawa, bosi," na jibu hilo laweza kuwa "nimepima" au "nimekusikia". Kuandika sahihi hakuondoi utata huo, kunauficha. Heri mkataba useme sakafu iwe sawa, tofauti isizidi milimita 3 ndani ya mita 2, na kwenye simu fundi aulizwe amepima kwa kifaa gani, na kama amekigeuza.