Kisukari, moyo na figo: kupandikiza au kubaki kwenye mashine?

Mgonjwa wa kisukari ambaye figo zake zimefeli, akiwa Moshi, kwa kawaida husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa kama saa nne. Ndugu akijitolea figo, matumaini huamka. Kisha vipimo vinaonyesha moyo nao una shida, na familia nyingi hukata shauri papo hapo: abaki kwenye mashine. Naona shauri hilo hukatwa mapema mno.

Hofu yenyewe ina msingi. Kisukari huziba mishipa ya moyo, na kwa kuwa huua neva, mtu anaweza asisikie maumivu yoyote ya kifua. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 1999 ulikuta kwamba katika wiki mbili za kwanza baada ya upandikizaji, hatari ya kufa ilikuwa mara 2.8 ya waliobaki wakisubiri kwenye mashine. Dawa za kuzuia mwili usikatae figo nazo, hasa prednisolone na tacrolimus, hupandisha sukari.

Lakini utafiti huohuo ulionyesha kuwa baadaye vifo kwa waliopandikizwa vilipungua kwa asilimia 48 hadi 82, na vijana wenye kisukari walikuwa miongoni mwa walionufaika zaidi. Tusisahau kwamba waliolinganishwa nao walikuwa tayari kwenye orodha ya kusubiri, yaani madaktari walishawaona wanafaa. Si kila mgonjwa wa hospitali zetu za KCMC, Moshi, au Mount Meru, Arusha, anafanana nao.

Mashine nayo haiuachi moyo salama. Maji yaliyojaa mwilini siku mbili hutolewa kwa saa chache, presha inashuka, na msuli wa moyo unakosa damu. Anayesafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa huvuka wikiendi nzima bila huduma, na pengo hilo refu ndilo linalofuatwa na vifo vingi zaidi. Kwa hiyo kubaki kwenye mashine kwa sababu ya moyo si kuulinda moyo.

Je, azibuliwe mishipa kwanza? Jaribio la ISCHEMIA-CKD la 2020, lenye wagonjwa 777 wa moyo ambao figo zao pia zilikuwa zimeharibika vibaya, halikuona kwamba kukimbilia kuzibua kulipunguza vifo au mshtuko wa moyo kuliko dawa, pale ugonjwa ulipokuwa umetulia. Aliyepata mshtuko juzijuzi, au mwenye kidonda cha mguu kinachooza, huyo asubiri kweli.

Linalonisumbua zaidi ni mtoaji. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kupandikiza mwaka 2017, Benjamin Mkapa ya Dodoma 2018, na figo hutoka kwa ndugu aliye hai. Kisukari hutembea ndani ya ukoo. Mdogo wa mgonjwa, akiwa na miaka 28, anaweza kupimwa leo akaonekana mzima, kisha akaugua akiwa na miaka 45 na figo moja. Apimwe sukari kwa kina, na akisita, kikao cha ukoo cha Desemba kisigeuzwe mahali pa kumshinikiza. Moyo wa mgonjwa nao upimwe figo zinapoanza kushuka, kabla mashine haijahitajika, ili mjadala ufanyike wakati bado kuna la kuchagua.