Kilisu kina alfabeti mbili, mtoto aanze na ipi?

Kuna ubishi wa watu wa mbali sana na sisi ambao mi naufuatilia kwa moyo wote maana unagusa kitu ambacho Kiswahili kilishapitia. Walisu ni watu wa milimani, wengi wako mkoa wa Yunnan kule China kwenye bonde la mto Salween ambao Wachina wanauita Nujiang, wengine wako jimbo la Kachin nchini Myanmar, wengine kaskazini mwa Thailand, na kundi dogo limefika mpaka India huko Arunachal Pradesh. Sensa ya China ya 2010 ilihesabu Walisu zaidi ya laki saba. Lugha yao iko tawi la Kilolo-Kiburma, yaani ni ndugu wa Kiburma, na Kilahu na Kiakha ni ndugu wa karibu zaidi. Sasa lugha hii moja ina alfabeti mbili, ya zamani na mpya, na kila moja ina watu wake.

Tuanze na sauti kwanza, bila sauti huwezi kuelewa watu wanabishania nini. Silabi ya Kilisu inaishia na vokali, hakuna konsonanti ya mwisho, hapo tumefanana. Ila toni, yaani jinsi sauti inavyopanda na kushuka kwenye silabi, ziko sita na ukibadilisha toni umeshataja neno lingine. Halafu kuna b, kuna p kavu na kuna p ya pumzi, sauti tatu tofauti kabisa, na ni hivyo hivyo kwa d na t mbili, g na k mbili. Mtu wa Mombasa atanielewa haraka hapa maana kwenye Kimvita paa la nyumba na paa yule mnyama wanatofautiana kwa pumzi hiyo hiyo, sema tahajia yetu sanifu haikuiandika, na leo wengi wetu wa bara hata tukitamkiwa polepole hatuisikii. Na h ya Kilisu inatokea puani, inaivuta na vokali inayoifuata.

Basi karne moja iliyopita, mmishenari Mwingereza James Fraser na mhubiri Sara Ba Thaw, wa kabila la Karen kutoka Burma, walikaa na hizi sauti wakatengeneza alfabeti. Walichukua herufi kubwa za kilatini tu, na zilipoisha wakazipindua. Kwa hiyo B ni b, P ni p kavu, na P iliyopinduliwa ni p ya pumzi. Konsonanti ikisimama peke yake unaisoma na a ndani yake. Toni zote sita zinaandikwa kwa nukta na koma. Mchapaji alikuwa hahitaji kusubu herufi mpya, anageuza zile zile alizonazo! Mi hii naiheshimu sana kwa sababu hakuna sauti ya Mlisu iliyoachwa nje ili mwandishi apate raha.

Miaka ya 1950 serikali ya China nayo ikaleta alfabeti mpya inayofuata pinyin, yaani ule mfumo wa kuandika Kichina kwa herufi za kilatini. Hapa p ya pumzi ni p, ile kavu ni b, na b yenyewe inaandikwa bb. Toni zinaonyeshwa kwa herufi mwisho wa silabi, kama l, q au t, na inawezekana kwa sababu silabi haina konsonanti ya mwisho so herufi hizo hazina kazi nyingine pale. Na hii nayo imefikiriwa vizuri, tusiidharau. Mtoto wa Nujiang anajifunza pinyin shuleni hata hivyo, herufi anazijua tayari, kibodi yoyote inaandika, na tena haina harufu ya kanisa. Hili la mwisho ni zito, maana alfabeti ya zamani imetembea na Biblia na vitabu vya nyimbo, na kuna Walisu wanaofuata dini ya mababu, kuwaambia hii ndo alama ya Ulisu ni kuwapa mzigo ambao hawakuuomba.

Wengine wanasema basi zote mbili ni za wageni. Ni kweli, na Walisu walikuwa na ya kwao, maana miaka ya 1920 mkulima mmoja Mlisu wa Weixi huko huko Yunnan, Wang Renbo, alibuni alama zaidi ya elfu moja, kila alama silabi. Kazi kubwa mno kwa mtu mmoja, ila alama elfu kwa mtu anayeshinda shambani ni nyingi na haikusambaa. Kwa hiyo mi sioni kama swali la nani aliibuni linatufikisha mbali.

Linalonifikisha mimi ni nani anaisoma leo. Ya zamani inasomwa pande zote za mpaka, mtu wa Nujiang akimwandikia shemeji yake aliye Myitkyina, mji wa Kachin, barua inasomeka. Mwaka 1992 serikali yenyewe ya China iliitambua rasmi, na 2009 herufi zake zikaingia Unicode, ile orodha ya herufi ambazo kompyuta zote zinaelewana, so hoja ya kompyuta imepungua nguvu. Mi ningeanza na ya zamani, ile mpya iwe daraja la darasani tu. Nasema hivi nikikumbuka kwamba babu zetu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, tenzi na barua za biashara, na leo mjukuu anaikuta karatasi ya babu yake kwenye sanduku, lugha ni yake, maneno angeyaelewa yote, na inabidi amtafute mtu wa kumsomea.