Saa 480 za picha kwa filamu ya saa mbili: ni ufujaji?

Kijana yeyote anayeongoza filamu hapa kwetu ameshaisikia lawama hii kutoka kwa wakongwe wa fani: ninyi wa dijitali mnashuti hovyo. Kamera inaachwa iende tu, tukio moja linarudiwa mara kumi na tano, kadi za kumbukumbu zinajaa, halafu mzigo wote anatupiwa mhariri ajue mwenyewe pa kuanzia. Enzi za mkanda wa filamu, kabla ya dijitali, wanasema, mtu alijua anachokitaka kabla kamera haijawashwa.

Lawama ina msingi, na msingi wenyewe nitaufikia. Lakini imezoeleka mno, kiasi kwamba mwongozaji anayesema "turudie, sasa kutoka upande ule" huonekana hajajiandaa, na anayemaliza siku mapema akiwa na teki mojamoja, yaani kila tukio limerekodiwa mara moja tu, anasifiwa kuwa mzoefu. Hapo ndipo naona mambo yamegeuzwa.

Tuanze na hiyo nidhamu ya zamani. Mkebe wa futi 1,000 wa mkanda wa milimita 35, ukienda kwa picha 24 kwa sekunde, huisha ndani ya dakika 11 hivi. Mkanda ulinunuliwa, ukasafishwa maabara, ukatolewa nakala ya kufanyia kazi, na kila hatua ilikuwa na ankara yake. Mwongozaji Alfred Hitchcock alipoamua mwaka 1948 kutengeneza filamu ya Rope kwa shoti ndefu ndefu, yaani vipande virefu vya picha visivyokatizwa, ilimbidi azikomeshe kwenye dakika kumi hivi na kutafuta mgongo wa mtu au kifuniko cha sanduku cha kufichia pale mkanda ulipoishia. Ubahili wa picha wa enzi hizo ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ubahili wa mfuko. Tumekuja kuuita sanaa baadaye.

Waliokuwa na fedha hawakuujali. Mwongozaji Francis Ford Coppola, kwa filamu ya Apocalypse Now iliyotoka 1979, alishuti zaidi ya futi milioni moja za mkanda. Walter Murch, mmoja wa wahariri wake, alipiga hesabu akasema kila dakika moja anayoiona mtazamaji ina dakika 95 ambazo hataziona kamwe. Huo ulikuwa mkanda halisi wa kusafishwa maabara, wala dijitali ilikuwa haijazaliwa sinemani. Coppola aliitwa majina mengi wakati ule, lakini sijasikia mtu akimwita mvivu. Uvivu umekuja kuwa jina la jambo hilohilo baada ya kufikiwa na watu wasio na fedha.

Sasa tuje kwenye ile namba ya kichwa cha habari, maana ndiyo inayorushwa huku na huku kama ushahidi kwamba dunia imepotoka. Mwongozaji George Miller alikwenda jangwa la Namibia mwaka 2012 kushuti Mad Max: Fury Road kwa kamera za dijitali, na akarudi na takriban saa 480 za picha. Filamu iliyotoka 2015 ina saa mbili. Yaani kila dakika moja iliyobaki ilichaguliwa kutoka katika saa nne. Mtu akiishia hapo, anaona ufujaji mtupu.

Asiishie hapo. Kwanza, kamera zilikuwa nyingi kwa wakati mmoja. Gari likipinduka mara moja, linapinduka ndani ya kamera kadhaa, na kila moja inajihesabia dakika zake. Pili, na hili ndilo linaloniuma kila ninaposikia hoja ya "hawakujiandaa": kabla ya kushuti, Miller na wachoraji wake walikuwa wameichora filamu nzima ukutani, michoro ipatayo 3,500. Ni filamu chache sana zilizowahi kupangwa kwa undani kiasi hicho. Maandalizi makubwa na picha nyingi vilikaa nyumba moja bila ugomvi. Anayesema wingi wa picha ni dalili ya mtu asiyejua anachokitaka hana budi kutueleza michoro ile ilikuwa ya kazi gani.

Tatu ni mhariri. Margaret Sixel aliletewa rundo lile, na inaelezwa kuwa kulitazama tu kulichukua miezi mitatu. Namba hiyo haina chumvi. Saa 480 kwa siku ya kazi ya saa nane ni siku 60. Kwa wiki ya siku tano ni wiki 12. Miezi mitatu ya kukaa, kutazama na kuandika kumbukumbu, kabla ya kukata chochote cha maana. Ndipo zikafuata takriban shoti 2,700 zilizounganishwa, kila moja ikidumu chini ya sekunde tatu kwa wastani, na bado mtazamaji hapotei, anajua nani yuko upande gani wa barabara. Mwaka 2016 Sixel alipewa Oscar ya uhariri. Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya zile saa 480 ni nani alilipwa kuzitazama, na kwa muda gani. Kwa Sixel jibu lipo. Kwetu, mara nyingi, halipo.

Niitaje Bongo Movie, maana ndiyo inayotolewa mfano kila mara. Sote tunayakumbuka yale matukio: gari linafika getini, mlinzi anafungua, gari linaingia, mtu anashuka, anatembea hadi mlangoni, anakaa, analetewa juisi, na mazungumzo hayajaanza. Zipo zilizorefushwa makusudi, kwa sababu hadithi moja iliuzwa kwa DVD mbili, sehemu ya kwanza na ya pili, na dakika za kujazia zilihitajika. Hilo ni la biashara. Lakini wakosoaji wengi wanayatumia matukio hayo kama ushahidi kwamba video imewafanya watu washuti kupita kiasi. Mimi nayaona kinyume chake kabisa. Tukio linakuwa refu vile kwa sababu kilichoshutiwa ni kidogo.

Chukua mazungumzo ya dakika nne sebuleni, yamepigwa kwa picha pana moja, kamera imetulia kwenye kona. Mwigizaji mmoja anasitasita sekunde kumi akitafuta maneno. Mhariri anazitaka zitoke. Akizikata, kichwa cha mwigizaji kitaruka ghafla kutoka kushoto kwenda kulia, na mtazamaji ataona kasoro. Dawa yake inajulikana na kila mtu wa fani: ondoka kwenye picha pana, nenda kwenye sura ya anayesikiliza, au mkono unaochezea funguo, au picha ya karibu ya msemaji, kisha rudi. Sekunde kumi zimeyeyuka na hakuna aliyejua. Lakini hiyo sura ya anayesikiliza lazima iwe ilishutiwa. Kama haikushutiwa, mhariri ni fundi cherehani aliyeletewa kitambaa cha kipimo kamili bila akiba ya upindo: hawezi kupunguza wala kuongeza. Ataliacha tukio na dakika zake nne, na kesho mhakiki ataandika kwamba mwongozaji hakujua kukata.

Kuna pia aina ya filamu ambayo bila wingi wa picha haipo. Hoop Dreams, ya vijana wawili wa Chicago na ndoto zao za mpira wa kikapu, ilianza kama mpango wa kipindi cha dakika 30 cha televisheni. Watengenezaji wake walishuti kwa video ya Betacam kwa sababu ilikuwa nafuu, wakawafuata vijana hao kwa miaka mitano, wakarundika takriban saa 250. Filamu ilitoka 1994 ikiwa na karibu saa tatu. Maisha ya watu hayana skripti. Huwezi kujua asubuhi ni siku ipi baba atarudi nyumbani au goti litaumia. Unashuti na kungoja. Chama kinachotoa tuzo za Oscar hakikuiweka kwenye orodha ya filamu bora za hali halisi, jambo lililozua kelele kubwa, ila wahariri wenyewe waliiteua kwenye kundi la uhariri, ikashindana na filamu za maigizo. Watu wa fani hiyo waliona kazi iliyofanywa ndani ya zile saa 250.

Haya, upande wa wakongwe. Hoja yao nzito inahusu siku kuliko mkanda. Hata kama kadi ni bure, siku ya kushuti si bure: nyumba ya watu imekodishwa, jenereta linakunywa mafuta, waigizaji na wasaidizi wanakula, na jua la saa kumi na moja jioni halimsubiri mtu. Ukirudia tukio moja mara kumi na tano asubuhi, matukio mawili ya jioni utayafanya kwa kukimbia, na ndiyo yatakayoonekana mabovu. Mwigizaji naye huchoka. Mwongozaji David Fincher aliripotiwa kurudia tukio la kwanza la filamu ya The Social Network mara 99, na lilimlipa, lakini Fincher ana siku anazozitaka na waigizaji waliokubali mfumo wake. Kwa mwigizaji wetu aliyepata usingizi wa muda wa saa nne tu kwa ajili ya safari ya daladala, teki ya sita ni mbaya kuliko ya pili. Hapo wakongwe wako sahihi, sina la kupinga.

Wako sahihi pia kuhusu "tutarekebisha kwenye editing". Maneno hayo yameua sauti za filamu nyingi kuliko upepo.

Na kadi zenyewe si bure kihivyo. Kamera ya kawaida inayorekodi kwa ubora wa 4K, kwa megabiti 100 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 45 kwa saa. Diski ya terabaiti moja hujaa kwa saa 22 tu, nawe unahitaji nakala mbili ikiwa una akili. Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, aliyetengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha za mboga, alilazimika kuifuta kazi hiyo kwenye kompyuta yake ili apate nafasi ya filamu inayofuata. Mamilioni walioitazama mtandaoni wanatazama kilichotoka kwenye nakala ya DVD. Picha za asili hazipo tena. Mkanda wa filamu wa miaka ya 1960 ukitunzwa penye ubaridi bado unaweza kutolewa nakala mpya leo.

Mfano ambao upande huo huupenda ni El Mariachi ya 1992. Robert Rodriguez aliitengeneza kwa takriban dola 7,000, kwa mkanda wa milimita 16, akishuti karibu kila kitu kwa teki moja. Wanauleta kama kibao cha mwisho: yule aliweza, ninyi mnashindwa nini? Nimeufikiria mfano huu mara nyingi, na kila mara unaniangukia upande wangu. Rodriguez hakurudia, kweli. Lakini mwigizaji alipokosea katikati, alihamisha kamera na kuendelea kutoka pembe nyingine, ili kosa lizikwe kwenye mkato. Sauti aliirekodi kando bila kufungwa na kamera, na midomo ilipoanza kupishana na maneno, alikatia kwenye picha ya kitu kingine. Alibana teki akatapanya pembe. Alifika eneo la kushutia akiwa tayari ameihariri filamu kichwani, kwa hiyo alijua ni vipande gani vya akiba atavihitaji.

Kwa hiyo tukiacha mabishano ya dijitali na mkanda, kinachogombaniwa ni vitu viwili vinavyoitwa jina moja. Kurudia shoti ileile kwa matumaini kwamba safari hii itakuwa nzuri ni jambo moja, na wakongwe wana haki kulikemea. Kupiga tukio lilelile kwa mapana, kwa karibu, kwa sura ya asiyesema, kwa mlango, kwa ukimya wa chumba kile uliorekodiwa nusu dakika ili sauti ziungike, ni jambo jingine, na hilo kwetu linafanyika kidogo mno. Katika teki kumi na tano za picha pana, ningezitoa kumi na mbili nikanunua nazo pembe nne. Muda ni uleule.

Halafu kuna bajeti. Nyingi nilizopata kuziona zina mstari wa chakula, wa mafuta, wa mavazi, wa usafiri wa msanii mkubwa. Mhariri amewekwa chini kabisa na kiasi cha jumla, bila idadi ya siku. Ukiuliza muda wa kutazama picha uko wapi, unajibiwa atatazama huku anakata. Filamu iliyoshutiwa kwa saa 40, ambazo si nyingi kwa kazi ya saa moja na nusu, inamaliza siku tano za saa nane kwa kutazamwa tu, mkono haujagusa mkasi. Msaidizi wa kuyapa mafaili majina na kuandika ipi ni nzuri analipwa pungufu ya siku moja ya kukodi kamera, na bado hayumo. Mtayarishaji asiyetaka kulipia siku hizo tano ni bora aagize saa 15 za picha na awaambie mapema mwongozaji na mhariri kwamba ndizo walizo nazo, wapange pembe zao kwa hesabu hiyo.